Ngeli ya Kipilefti

Saa nane usiku, Halifax. Mvua ya Yorkshire hainyeshi,
inaning'inia tu, kama shati lisilokauka.
Seva inanung'unika chini ya ngazi za nyumba ya wazee,
jirani na maboksi ya nepi za watu wazima.
Nina kikombe cha chai kilichoota ngozi
na kosa moja jekundu kwenye kioo:
sifa hii haijulikani.

Haijulikani kwa nani?
Glenys Hardcastle anaijua. Aliiandika saa tatu,
kabla ya kuvua aproni, kwenye kile kidirisha
nilichomwekea kwa majigambo: Ongeza utakacho.
Akaongeza.
Mkazi: Bwana Murgatroyd, chumba cha kumi na moja.
Sifa mpya: Asitajiwe.
Thamani: theluji.

Kati ya programu na majedwali nimeweka mkalimani.
Nikisema mkazi nukta jina, yeye huyo, ghalani,
analirudisha jina limefutwa vumbi.
Ila kamusi yake aliisoma mara moja,
programu ilipoamka, akaifunga, akaikalia.
Neno lililozaliwa saa tatu usiku
kwake ni kikohozi.

Nimejaribu walivyojaribu wenzangu.
Jedwali refu: nani, nini, kiasi gani;
kila mzee akakatwa vipande arobaini,
na kumuunga tena ili apewe uji
kukala sekunde tisa. Glenys alihesabu.
"Uji umepoa, mpenzi," akaniambia.
Kisha gunia: tia vyote, funga kamba.
Kutia ni rahisi. Sasa niambie upesi
nani humu hapaswi kula karanga.
Kisha nikabomoa ukuta kila alipoomba dirisha,
jedwali zima limefungwa, nyundo mkononi,
na kengele ya chumba cha nne ikalia
bila jina la anayelia.

Nikatoka nje kupunga hewa.
Kule chini lori la maziwa
lilikuwa linakizunguka kipilefti, peke yake, taratibu.

Kipilefti!
Nikacheka hadi nikashika mlango.
Kibao cha Kiingereza, kilikuwa kinaamuru tu: shika kushoto.
Madereva wetu hawakuitisha kikao,
hawakuizima lugha usiku kucha ili waongeze safu.
Wamesikia ki-, basi, ni cha ki-vi:
kipilefti kimeziba, vipilefti vimeziba.
Kama kitabu, mgeni wa zamani,
aliyekuja na ki yake ya kuzaliwa nayo
tukaing'oa bila kumuuliza, tukampa vi.
Neno lilifika halina ngeli.
Lilivishwa likiwa linatembea,
na vitenzi vyote vikageuka kulipokea.

Nikarudi chini ya ngazi.
Mkalimani sikumfukuza. Nilimnyang'anya kiti.
Sasa kabla ya kila swali anapita kwanza
kwenye daftari la Glenys, anasoma kilichoongezwa,
anashona ngeli mpya papo hapo, programu ikikimbia,
ya jana anaitupa.
Mistari thelathini na miwili. Mitatu kati yake
siwezi kukueleza kwa nini inafanya kazi.

Jaribio la kwanza niliandika kwa lugha yangu,
kwa usingizi nikadondosha i:
Asitajwe.
Ikakubali! Ikamshonea nguo mzee wa watu,
akawa yeye ndiye mwiko.
Lugha huwa na wakwe wa kuicheka ikikosea.
Hapa nipo mimi tu, na kitufe cha kufuta.

Saa kumi na moja. Narudia, herufi kwa herufi.
Mkazi nukta asitajiwe.
Kimya. Feni. Halafu, jeupe juu ya jeusi:
theluji.

Nikainua macho dirishani.
Ile mvua ilikuwa imeacha kuning'inia,
imeanza kuelea.
Nikapanda ngazi mbili mbili
kumwambia wa zamu: chumba cha kumi na moja,
pazia.